Kiko Mbele ya Mzimu: Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa Wake

Sisi wapenzi wa ushairi tuna kasoro moja ya zamani. Tukitajiwa utenzi hukaa vizuri na kutega masikio; tukitajiwa riwaya ya mauaji na upelelezi hutabasamu kwa upole, mfano wa mtu mzima aliyealikwa katika mchezo wa watoto. Tabasamu hilo limemdhulumu Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyekuja duniani mwaka 1918 na kuiaga mwaka 1991, na ambaye kwa riwaya zake saba aliupa Kiswahili utanzu ambao kabla yake haukuwa na kiti katika baraza letu. Wengi humwita baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, kisha humwacha hapo hapo penye ubaba, wasiangalie alichokizaa kina sura gani na kimerithi damu ya nani.

Rai ninayokusudia kuitetea hapa ni moja. Inasemwa mara nyingi kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizo, ni Mwingereza aliyevishwa kanzu. Mimi naona kwamba Bwana Msa amezaliwa na swali la kwetu wenyewe, nalo ni hili: watu wanapokiogopa kitu, ni nani anayenufaika na khofu yao? Na ufundi anaoutumia kulijibu swali hilo ni ule ule ambao washairi wa mwambao wameujua tangu kale, yaani ufundi wa kufumba na kufumbua. Kama rai hii ni sahihi, basi mwandishi huyu ni jamaa yetu wa karibu, na tabasamu letu ni la mtu asiyemtambua nduguye.

Tuanze na maisha yake, kwani yanafunua mengi. Makunduchi, kusini ya Unguja, ndipo panapofanywa Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka wa jua, ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba na kibanda cha makuti hutiwa moto. Ni mji ambao mambo ya wahenga hayajafungiwa katika vitabu, yanatembea mchana. Mtu aliyezaliwa mahali kama hapo hahitaji kusimuliwa mzimu ni nini. Muhammed Said Abdulla alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, yule ambaye watu wetu humwita bwana afya. Waandishi wengi wanaogusia maisha yake hulipita jambo hili upesi. Mimi nataka kusimama hapo.

Bwana afya ni mtu anayeingia nyumba zote, ya tajiri na ya maskini. Huchungulia kisima, hufunua mtungi, huuliza maji machafu yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Penye homa ambapo jirani ameshaona jicho la hasidi, yeye hutafuta viluwiluwi vya mbu. Kazi yake ni kuamini kwamba ugonjwa una sababu, na kwamba sababu huacha alama anayeweza kuiona kila mwenye subira ya kuinama. Tena hufanya hayo mbele ya mwenye nyumba asiyependa kukaguliwa, kwa hiyo hana budi awe na ulimi mzuri. Jumlisha sifa hizo, mpe mtu huyo kiko mkononi, na Bwana Msa yuko tayari miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Mwaka 1948 mwandishi wetu aligeukia magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na katika miaka kumi iliyofuata akawa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda, na wa Afrika Kwetu. Msomaji anayeijua historia ya visiwa hivi atasita penye orodha hiyo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Jumuiya ya Waafrika, na baadaye wa Afro-Shirazi. Mtu mmoja alizipita meza zote mbili. Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, na hapo alibaki hadi alipostaafu mwaka 1968. Maana yake ni kwamba uchaguzi wa zama za siasa, uhuru wa Disemba 1963, na Mapinduzi ya Januari 1964, vyote vilimkuta akihariri habari za mashamba. Tutalirudia jambo hilo, kwa sababu wahakiki wake wamelirudia.

Riwaya yake ya mwanzo ilizaliwa kwa shindano. East African Literature Bureau, taasisi iliyoundwa mwaka 1948 kwa ajili ya kustawisha vitabu katika nchi za Afrika ya Mashariki, iliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili katika mwaka 1957 na 1958, na mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ukapata tuzo ya kwanza. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Ikapita miaka minane kabla ya Kisima cha Giningi kuchapishwa London mwaka 1968. Kisha, mzee akiwa amekwisha kustaafu, vikafuatana vitabu vinne kwa miaka minne: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Vitabu hivi saba vimeandikwa na mtu aliyefanya kazi za watu kwa miaka thelathini, na ambaye sehemu kubwa ya uandishi wake ilingojea mpaka alipokuwa huru na saa za ofisini.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwenye mali aitwaye Bwana Ali bin Bwana Marjani anapatikana ameuawa, na mahali penyewe ni penye mzimu, pale ambapo watu hupeleka nadhiri zao na ambapo hakuna anayependa kupita peke yake. Sitaharibu ladha kwa kumtaja muuaji. Ninalotaka msomaji alione ni jinsi mwandishi alivyochagua mahali. Maiti angeweza kulala ndani ya nyumba, barabarani au ufukweni, na hadithi ingekwenda. Kwa kumlaza penye mzimu, mwandishi amepata zaidi ya mandhari ya kutisha. Amekutanisha elimu mbili za sababu mbele ya mwili mmoja. Kuna wanaosema kuwa watu wa kale wamekasirika, na kwa kauli hiyo mlango wa maswali umefungwa, kwani nani atamhoji mzimu? Na kuna mtu mmoja mwenye kiko anayesema kwa utulivu kwamba maiti hii ina muuaji, muuaji ana mikono, na mikono huacha alama. Khofu ya watu ni pazia lililokwisha kutundikwa. Muuaji hana haja ya kushona jingine.

Hapa ndipo jina la mpelelezi linapofaa kusomwa kwa makini. Msa ni mkato wa Musa, kama tunavyoitana mitaani. Lakini pia ni herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi mwenyewe: Muhammed, Said, Abdulla. Ni fumbo jepesi lililoachwa wazi kwenye kila jalada. Na kuna la pili ambalo msomaji aliyepitia chuoni hawezi kukosa kulisikia. Nabii Musa, katika kisa tunachofundishwa tangu utotoni, ndiye aliyesimama mbele ya wachawi wa Firauni, na fimbo yake ikavimeza viinimacho vyao mchana kweupe mbele ya umma. Sidai kuwa mwandishi alitaka kumlinganisha mpelelezi wake na mtume. Adabu yake isingemruhusu. Nasema tu kwamba katika masikio ya mwambao, mtu aitwaye Msa anayekwenda mbele ya mzimu hachukui jina la bahati nasibu.

Ama kuhusu ujamaa wa Bwana Msa na Sherlock Holmes, hauna haja ya kufichwa. Kiko ni kile kile. Najum, rafiki na mfuasi, anakaa mahali pa Watson: huuliza ambayo msomaji angependa kuuliza, na hushangaa kwa niaba yetu. Inspekta Seif wa polisi ana sehemu ya wale maofisa wa London wanaofika mapema na kuelewa baadaye. Lakini kuna kinyume kimoja ambacho sijaona kikisisitizwa vya kutosha. Arthur Conan Doyle, tabibu aliyemtoa Holmes hadharani mwaka 1887, katika miaka yake ya mwisho alikuwa mhubiri mashuhuri wa imani ya kuzungumza na roho za wafu, na mwaka 1922 alitoa kitabu kizima kuthibitisha kuwa viumbe wadogo wa kimzimu wamepigwa picha na wasichana wawili huko Uingereza. Basi tazama: tabibu wa Uingereza anaishia kwa mizimu, na mtu wa Makunduchi anaanzia penye mzimu na kutoka nao akiwa na hoja mkononi. Atakayesema kwamba akili ilikuja kwetu kwa meli na ushirikina ndio mali ya asili, avisome visa vya maisha haya mawili kwa pamoja.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe, na hapa nazungumza na washairi wenzangu. Tangu Muyaka bin Haji wa Mombasa, na bila shaka kabla yake, mwambao umekuwa na mchezo wa kufumbiana kwa shairi. Mmoja hutunga beti akaficha jambo. Mwengine hujibu kwa bahari ile ile akalifichua. Kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, zilijaa majibizano ya namna hiyo. Fumbo jema lina sheria ambayo haikuandikwa, lakini kila fundi anaijua: jawabu lote lazima liwemo ndani ya beti. Anayefumba kwa kuficha kitu nje ya shairi, akakitoa mwishoni kama mtu anayetoa sarafu sikioni mwa mtoto, huyo amevunja mchezo. Na jawabu likishatolewa, msikilizaji ajipige paji la uso na kusema: lilikuwa mbele yangu.

Ndiyo sheria ya Bwana Msa. Jambo dogo hutajwa mara ya kwanza kwa namna ya mapambo, hurudi mara ya pili likiwa limevaa nguo nyengine, na mara ya tatu ndilo linalomkamata mtu. Wenye kutunga watatambua hapa kazi ya kina: sauti inayorudi mpaka sikio liingoje. Na mlango wa mwisho, ambapo Bwana Msa huwakalisha watu na kuyapanga mambo moja baada ya jengine, ni kituo cha shairi refu. Kila ubeti uliotangulia ulikuwa ukielekea hapo. Aliyezowea mashairi ya mafumbo na akaingia katika riwaya hizi hatajiona mgeni. Kinachotofautiana ni urefu wa bahari tu.

Pamoja na fumbo kuna adabu. Mimi niliyezowea kazi ya kufasiri huona ugumu wa vitabu hivi si katika njama zake bali katika heshima zake. Chukua jina la marehemu wa riwaya ya kwanza: Bwana Ali bin Bwana Marjani. Bwana limekuja mara mbili, kwa mwana na kwa babake, na mtu anaingia katika hadithi akiwa ameshika mkono wa nasaba yake. Lugha ya kigeni italipitisha jina hilo kama mzigo wa karani, na yote yaliyomo yatamwagika njiani. Kwani katika jamii hii mtu haulizwi moja kwa moja. Haulizwi mkewe alikuwa wapi jana usiku. Haulizwi mali yake aliipataje. Mpelelezi wa London hupiga hodi akauliza. Bwana Msa hana budi kwanza aulize hali, asikilize habari za afya na za jamaa, apokee kinywaji, na ndani ya mazungumzo hayo ya kawaida alitege sikio lake. Maamkizi yetu marefu, ambayo wageni huyaona ni kupoteza wakati, kwake ni chombo cha kazi. Sijui mwandishi mwengine wa Kiswahili aliyeonesha vizuri hivi kwamba adabu inaweza kuwa njia ya kuifikia kweli, wala si njia ya kuikwepa tu.

Tazama pia jinsi swali la vitabu vyake linavyohama. Katika kile cha kwanza swali kubwa ni nani aliyeua. Katika vya baadaye, siri za ukoo hupata uzito kuliko damu iliyomwagika, na majina yenyewe ya vitabu yanatangaza hivyo: mke na waume zake, mwana na malezi yake. Swali limekuwa nani ni mwana wa nani, nani aliolewa na nani kabla ya nani, jina lipi ni la kweli. Wahakiki wamelichukua jambo hili kuwa ni udhaifu, wakasema mzee amechoka na mauaji akarudi kwenye umbea wa mitaani. Mimi naliona kwa jicho jengine. Mtu huyu alihariri magazeti ya visiwa katika miaka ambayo kila aliyesimama jukwaani alimuuliza mwenzake asili yake: wewe ni nani, umetoka wapi, babu yako alizikwa wapi? Maswali hayo yalikuwa na ncha, na mwaka 1964 ncha zilichoma. Kuandika baada ya hapo riwaya baada ya riwaya ambamo nasaba ni fumbo, ambamo mtu anaweza asijue ukweli wa jina lake mwenyewe, na ambamo kweli hupatikana kwa kusikiliza watu wa kila nyumba, kwangu hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kumtetea mtu si kumfanya malaika, na mapungufu yake yasemwe. La kwanza ni sadfa. Watu wanaopoteana hukutana mno. Barua hupatikana siku inapohitajika. Mji unakuwa mdogo kuliko ulivyo. Katika fumbo jema, kama nilivyosema, jawabu limo katika beti. Sadfa inapozidi, jawabu huletwa na upepo. La pili ni kwamba akili ya Bwana Msa haina jasho. Hupata, lakini ni nadra kumuona akitafuta kwa uchungu, na msomaji hawezi kumuonea khofu mtu asiyeweza kushindwa. Nadhani mwandishi mwenyewe alilihisi hili, kwani kitabu chake cha mwisho alikiita Kosa la Bwana Msa, na jina peke yake ni tangazo: kwamba mtu aliyefumbua makosa ya wengine kwa vitabu sita, kitabu cha saba kimemfika yeye.

La tatu ndilo lililosemwa sana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wa bara walidai fasihi ieleze matabaka, unyonyaji na ukombozi. Kwa mizani hiyo, Bwana Msa alionekana ni bwana wa enzi iliyopita, anayetembea katika Unguja ya kabla ya Mapinduzi kama kwamba saa imesimama. Wakati huo huo upelelezi wa Kiswahili ulikuwa umeanza mwendo mwengine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mtu wa bastola na mwendo wa kasi, mtumishi wa dola. Na hapa visiwani walitokea Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Shafi Adam Shafi, walioyachukua maumivu ya ukabaila na ya umaskini wakayaweka wazi katika riwaya. Mbele ya hao, ukimya wa Muhammed Said Abdulla juu ya Mapinduzi unasikika. Nimesema kuwa nasaba katika vitabu vyake inabeba sehemu ya historia hiyo, lakini sehemu si yote. Mtu aliyezijua meza za pande mbili alikuwa na kisa ambacho hakuna mwengine angeweza kukiandika vile, na hakukiandika. Hilo ni deni, na ameondoka nalo.

Lakini kosa la wahakiki wale lilikuwa kudhani kwamba mambo ya mzimu ni mambo ya kale, kwamba barabara na mashule yakienea yatajifia yenyewe. Mwaka 1995, miaka minne baada ya mwandishi kufariki, Popobawa alienea Pemba na Unguja. Watu wazima walitoka majumbani mwao usiku, wakalala nje wamezunguka moto, kwa kumkimbia kiumbe ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyemshika. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na maneno ya siasa yaliingia ndani ya khofu hiyo kila mmoja kwa upande wake. Na mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Huyo hakuuawa na Popobawa. Aliuawa na mikono, na mikono ilikuwa na wenyewe.

Ndipo nilipoelewa kwa nini riwaya iliyotungwa kwa ajili ya shindano la mwaka 1957 bado ina kazi ya kufanya. Bwana Msa hamdhihaki anayeogopa. Hamwambii mtu wa kijijini kuwa ni mjinga, wala haupigi mzimu teke. Hukaa naye, humuamkia, humsikiliza, kisha hurudi kwenye maiti na kuuliza alikuwapo nani. Kwa usiku kama zile za mwaka 1995, mji ungefaidika na watu kumi wenye tabia hiyo kuliko na askari mia. Na tabia hufunzwa kwa hadithi mapema kuliko inavyofunzwa kwa hotuba.

Kwa hivyo wapenzi wa ushairi tumpe mzee wetu nafasi yake penye mkeka. Tumsome kwa sauti kama tunavyosoma mashairi, kwani nathari yake ina masikio. Tuwape vijana wetu Mzimu wa Watu wa Kale kabla hawajafika mwisho wa skuli, na tuwaachie wamtafute muuaji wenyewe. Wakishampata, tuwaulize swali la pili, lile gumu: kabla hujamjua yeye, ulimshuku nani, na nani alikufundisha kumshuku?